Rachel Auerbach hakuacha kuwa mwandishi wa fasihi

Mwishoni mwa mwaka 1942, katika geto la Warsaw, sehemu ya mji ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, lililokuwa limebakiwa na sehemu ndogo tu ya watu wake, mwanamke mmoja alikaa na kijana aliyetoroka Treblinka, kambi ya Wanazi ya kuua Wayahudi, akawa anaandika kila alichosimuliwa. Kijana aliitwa Abraham Krzepicki. Alikuwa ameishi kambini siku 18, kisha akatoka humo akiwa amejificha kwenye behewa lililojaa nguo za watu waliouawa. Mwanamke aliitwa Rachel Auerbach, mwandishi wa magazeti na mhakiki wa fasihi ya Kiyahudi. Vikao vyao viliendelea hadi Januari 1943, na maandishi yakafika karibu kurasa 100. Miezi michache baadaye, Aprili, Krzepicki aliuawa wakati wa uasi wa geto. Maneno yake yalilala chini ya ardhi ndani ya debe la maziwa mpaka Desemba 1950 yalipofukuliwa.

Wanaoandika habari za Auerbach huyakata maisha yake vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha binti msomi wa Lwów na Warsaw aliyeandika makala za vitabu, mashairi na saikolojia. Kipande cha pili ni cha shahidi, yule aliyeokoka na kukusanya shuhuda za mauaji ya Wayahudi. Cha kwanza hupewa aya moja, cha pili hupewa kitabu kizima. Nimesoma habari zake kwa miaka kadhaa na kila nikirudi kwake nazidi kuona kwamba mkato huo ni kosa. Kazi aliyoifanya mbele ya Krzepicki ilikuwa ileile aliyokuwa akiifanya tangu ujana wake: kusikia mtu anavyosema, kutambua neno lenye uzito, na kulinda maandishi ya mwingine kuliko yake mwenyewe.

Alizaliwa Łanowce, kijiji cha Podolia kilichokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria na leo kiko Ukraine. Akaenda kusoma falsafa na saikolojia chuo kikuu huko Lwów, mji ambao sasa tunaujua kwa jina la Lviv. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Lwów iliingia katika Poland mpya, na Wayahudi wengi waliosoma waliona njia ya mbele ni Kipolandi. Auerbach naye alianza kuandikia Chwila, gazeti la kila siku la Kizayuni lililotoka kwa Kipolandi. Angeweza kuendelea hivyo maisha yake yote. Kipolandi alikijua vizuri, na ujuzi huo ulikuja kumwokoa roho baadaye.

Lakini akageukia Kiyidishi. Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu bila hili mengine hayaeleweki. Kiyidishi kilizaliwa katika Kijerumani cha zama za kati, kikachukua maneno mengi ya Kiebrania na ya lugha za Kislavoni, kikaandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili kilikuwa na wasemaji wapatao milioni 11. Hata hivyo wasomi wengi wa Kiyahudi walikiita jargon, lugha ya jikoni na sokoni, inayofaa kumwimbia mtoto au kubishana bei ya samaki lakini haifai kubeba falsafa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mengi kuhusu dharau ya namna hiyo. Sote tumewahi kumsikia mtu aliyepata shahada akisema kwamba jambo zito haliwezi kusemwa kwa lugha aliyonyonya kwa mamake.

Mwaka 1929 Auerbach na wenzake walianzisha Lwów jarida la fasihi na sanaa liitwalo Tsushtayer, yaani Mchango. Lilikuwa jarida la Kiyidishi katika mji ambao wasomi wake walikuwa wameshaipa lugha hiyo mgongo. Halikudumu, kufikia 1931 lilikuwa limekwisha. Ukilipima kwa umri wake utaona ni jaribio lililoshindwa, mojawapo ya majarida mengi madogo ya fasihi yanayokufa kwa kukosa fedha na wasomaji. Mimi nalipima kwa mtu mmoja, Debora Vogel.

Vogel alikuwa mwanafalsafa, mwenye shahada ya udaktari juu ya Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani. Nyumbani kwao walizungumza Kipolandi na Kijerumani. Kiyidishi alijifunza ukubwani, na aliyemshawishi ayaandike mashairi yake kwa lugha hiyo alikuwa Auerbach. Mwaka 1930 Vogel akatoa diwani yake ya kwanza, mashairi ya miraba na mistari, ya rangi za kijivu na vioo vya madirisha ya mjini, ambayo hayakufanana na lolote lililokuwa likiandikwa kwa Kiyidishi wakati huo. Vogel ndiye pia ambaye mwandishi Bruno Schulz, mwalimu wa kuchora katika mji mdogo wa Drohobycz, alimwandikia barua ndefu zenye hadithi ndani ya nyongeza za mwishoni. Hadithi zile zikaja kuwa kitabu kilichotoka 1934, na leo Schulz anahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa karne ya 20.

Katika mnyororo huo mtu husahau kirahisi aliyeshika pete ya katikati. Yule anayemwambia mwenzake, "Andika, tena andika kwa lugha hii," jina lake halitokei kwenye jalada. Auerbach alikuwa na kipaji hicho, na ninaamini ni kipaji kamili cha fasihi. Si huduma ya pembeni. Kuna watu wanaojua kuandika na kuna wachache wanaojua nani anafaa kuandika nini. Hao wa pili ni adimu zaidi.

Alihamia Warsaw mwaka 1933. Poland ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 3 na Warsaw ndiyo iliyokuwa moyo wao. Magazeti ya Kiyidishi yalitoka kila siku, na katika nyumba namba 13 ya mtaa wa Tłomackie, jirani na sinagogi kubwa, kulikuwa na klabu ya waandishi ambamo washairi, waandishi wa habari na watafsiri waligombana, wakakopeshana fedha na kusomeana kazi. Auerbach akaendelea kuandikia magazeti ya Kiyidishi na ya Kipolandi kuhusu vitabu, malezi na saikolojia. Huko pia aliishi na Itzik Manger, mshairi aliyewatoa Ibrahimu, Sara na Hajiri kwenye Torati akawapitisha kwenye barabara za vumbi za vijiji vya Ulaya Mashariki. Yalikuwa maisha ya misukosuko, kwa kuwa Manger alikuwa mtu wa pombe na hasira. Mwaka 1938 ilimbidi aondoke Poland, akamwachia Auerbach karatasi zake.

Karatasi hizo alizitunza wakati wote wa vita. Mwenyewe alikuwa na njaa, mji unaungua, na bado alibeba miswada ya mwanamume ambaye hakumtendea wema. Hatimaye akaikabidhi izikwe pamoja na hifadhi ya siri ya geto, na baada ya vita ikamrudia Manger. Sisemi haya ili nimfanye mtakatifu. Nayasema kwa sababu yanaonyesha alichokiona kuwa cha thamani.

Septemba 1939 Wajerumani wakaivamia Poland. Auerbach alikuwa tayari kuondoka kama walivyofanya wenzake wengi wa kalamu. Emanuel Ringelblum, mwanahistoria aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa misaada ya Wayahudi wa Warsaw, alimwita akamwambia kwamba si kila mtu ana ruhusa ya kukimbia. Akamkabidhi jiko la supu katika nyumba namba 40 ya mtaa wa Leszno. Mhakiki wa mashairi akawa msimamizi wa masufuria, mkaa na foleni.

Novemba 1940 geto likafungwa kwa ukuta, na zaidi ya watu 400,000 wakawa ndani. Mwaka 1941 mgao rasmi wa chakula kwa Myahudi mmoja ulikuwa chini ya kalori 200 kwa siku, wakati mtu mzima anahitaji karibu mara kumi ya hizo. Kufikia Julai 1942 zaidi ya watu 80,000 walikuwa wameshakufa kwa njaa na maradhi, kabla ya kupelekwa popote. Katika mwezi huohuo wa Novemba 1940 Ringelblum aliunda kundi la siri la kukusanya kila aina ya ushahidi wa maisha ya geto. Walikutana Jumamosi, kwa hiyo wakajiita Oyneg Shabes, Furaha ya Sabato. Walikusanya shajara, insha za watoto wa shule, vichekesho, tiketi za tramu, makaratasi ya peremende, matangazo ya maigizo, kadi za mgao. Tunao msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ringelblum alikuwa ameona kwamba hata watu wanaweza kupotea hivyo.

Akamtaka Auerbach aandike kuhusu jiko lake. Taarifa ya jiko ingeweza kuwa hesabu tu: bakuli ngapi zimegawiwa, kuni zimegharimu kiasi gani, wafanyakazi wangapi. Ofisi yoyote ya misaada ingeridhika. Yeye aliandika watu. Aliwaandika waliokuja na bakuli mkononi, namna walivyosimama, nani aliona haya na nani aliipoteza haya, uso upi umevimba kwa njaa na ni wiki ngapi zimepita tangu ulipokuwa uso wa kawaida. Aliwafuatilia mmoja mmoja kama mhakiki anavyomfuatilia mhusika kutoka sura moja hadi nyingine, na wahusika wake wakawa wanakatika kabla ya kitabu kwisha.

Na hapo akaandika jambo ambalo kila ninapolisoma huniacha kimya. Aliona kwamba wale waliotegemea supu yake peke yake walikuwa wanakufa. Jiko halikuwa linaokoa. Lilikuwa linarefusha kifo. Akajiuliza kwa maandishi iwapo ni sawa kumgawia kila mtu kidogo kisichotosha na kuwapoteza wote, au kuchagua wachache wa kulishwa mara mbili ili wabaki hai. Na kama ni kuchagua, nani anachagua, kwa kipimo gani? Hakujipa jibu la kumtuliza. Hii ilikuwa kazi yake ya kila siku, ndiyo sababu ya yeye kubaki Warsaw, na aliikagua bila kujihurumia, jinsi alivyokuwa akikagua diwani dhaifu ya rafiki. Watu wa misaada leo, popote walipo, wangefanya vizuri kusoma kurasa hizo kabla ya kuandika ripoti zao.

Tarehe 22 Julai 1942 Wanazi walianza kuwapeleka watu wa geto Treblinka. Hadi Septemba walikuwa wameshachukua takribani 265,000. Mapema Agosti, wakati treni zikiondoka kila siku, mwalimu Israel Lichtensztajn na vijana wawili, Dawid Graber wa miaka 19 na Nachum Grzywacz wa miaka 18, walizika sehemu ya kwanza ya hifadhi kwenye masanduku kumi ya bati, chini ya shule katika namba 68 ya mtaa wa Nowolipki. Sehemu ya pili ilizikwa Februari 1943 ndani ya madebe mawili ya maziwa. Maneno ya Krzepicki yalikuwa humo.

Nisimulie jambo langu mwenyewe hapa, kwa kuwa ndilo lililonifanya niitazame kazi ya Auerbach kwa jicho jingine. Miaka mingi iliyopita nilitumwa Lamu kuandika kumbukumbu za bibi mmoja ambaye mumewe alikuwa nahodha wa jahazi. Bibi alisema kwa Kiamu chake: mato, si macho; ndia, si njia; kuteka, si kucheka. Nilipofika ofisini nikayasafisha yote. Nilidhani namsaidia, na mhariri wangu akanisifu kwa lugha laini. Gazeti lilipomfikia, mjukuu wake akamsomea. Nilipompigia simu kumwuliza kama ameipenda, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe umeandika vizuri. Lakini hayo si maneno yangu." Sikuwa nimeongeza uongo hata mmoja. Nilikuwa nimemwondoa yeye tu.

Auerbach hakuwaondoa watu. Alipoongoza idara ya kukusanya shuhuda miaka ya baadaye, alisisitiza shahidi asimulie kwa lugha yake, kwa mwendo wake, hata akizunguka na kurudi nyuma. Wanahistoria wengi wa wakati ule waliamini nyaraka za serikali na muhuri. Simulizi la mtu aliyeumia waliliona halina uhakika. Yeye alikuwa amelelewa katika fasihi, na fasihi ilikuwa imemfundisha kwamba namna mtu anavyosema ni sehemu ya anachosema. Anayekaa kimya katikati ya sentensi ameeleza jambo. Anayelirudia jina la mtaa mara tatu ameeleza jambo. Nyaraka za Wanazi zilikuwa na idadi za mabehewa, lakini harufu ya ndani ya behewa aliweza kuieleza Krzepicki peke yake, na ilihitaji mtu anayejua kumwacha aieleze.

Machi 1943 Auerbach alitoka getoni, akaishi upande wa pili wa ukuta kama mwanamke wa Kipolandi, kwa nguvu ya Kipolandi chake na karatasi za bandia. Mchana alifanya kazi ya ukarani. Usiku aliandika. Aliandika kuhusu waandishi, wasomi, waigizaji na wachoraji wa Kiyahudi wa Warsaw waliouawa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tabia yake na kazi aliyoiacha nusu. Mtu anayeweza kuuawa kwa kosa la matamshi alikuwa anakaa gizani akiandika tanzia za kurasa za utamaduni, katika mji usio na gazeti la kuzichapa. Miswada yake ilizikwa katika ardhi ya bustani ya wanyama ya Warsaw, kwa msaada wa mkurugenzi wake Jan Żabiński, na baada ya vita ikapatikana.

Novemba 1943 aliandika insha iitwayo Yizkor, jina la sala ya kuwakumbuka wafu inayosomwa sinagogini. Kwangu hii ni miongoni mwa insha kubwa za karne iliyopita kwa lugha yoyote. Inaanza na mafuriko aliyowahi kuyaona milimani: nyumba za mbao zimeng'olewa na maji, na ndani yake watu wangali hai, na waliosimama ukingoni hawawezi kuwafikia. Kisha anaeleza alivyomwona mwanamke ndani ya tramu, kichwa amekilaza nyuma, anasema peke yake. Auerbach alidhani ni mlevi au amerukwa na akili. Kumbe alikuwa mama wa Kipolandi aliyetoka kupata habari kwamba mwanawe, aliyekamatwa mtaani, amepigwa risasi. Alikuwa akimwita mwanawe kwa majina ya mapenzi, bila kujali abiria.

Auerbach akamwonea wivu. Mama yule alikuwa na ruhusa ya kulia. Mwanamke wa Kiyahudi mwenye karatasi za bandia, aliyepoteza karibu kila mtu aliyemjua, hakuweza kudondosha chozi ndani ya tramu, kwa kuwa chozi lingeulizwa maswali. Sijui pengine popote ambapo hali ya kujificha imeelezwa kwa karibu hivyo. Hakuna bunduki katika tukio hilo, wala mbwa, wala askari. Kuna kiti cha tramu, na mwanamke aliyeketi juu yake amezuia uso wake usibadilike.

Halafu insha inageuka kuwa orodha, kama sala inavyodai. Anawaita watoto, wasichana, akina mama, wazee wa dini, wachuuzi, ombaomba. Anakula kiapo kwamba akiwasahau, jina lake lilaaniwe. Msomaji anayeijua Zaburi ya 137 atasikia mara moja ilikotoka sauti hiyo: "Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau." Hapo ndipo naona kwamba mhakiki wa Lwów alikuwa bado yupo. Aliyeandika alijua kanuni za maombolezo ya Kiyahudi tangu manabii, akajua pia kwamba sala hii husomwa na jamaa wa marehemu, na yeye alikuwa akiisoma kwa niaba ya mji ambao haukubakiza jamaa.

Kati ya watu wapatao 60 walioifanyia kazi hifadhi ya Ringelblum, walionusurika walikuwa watatu: Auerbach, Hersh Wasser na mkewe Bluma. Ringelblum mwenyewe aligunduliwa mafichoni Machi 1944 akauawa pamoja na mkewe na mtoto wao. Vita vilipokwisha, geto lilikuwa kifusi mtupu, mtaa haujulikani ulipokuwa. Watu waliorudi walihitaji chakula, mahali pa kulala, na habari za jamaa. Kuchimba ili kutafuta karatasi kulionekana anasa. Auerbach aliwasumbua viongozi katika kila mkutano, akisema kwamba chini ya kifusi kuna hazina na lazima itafutwe. Tarehe 18 Septemba 1946, kwa kumbukumbu ya Wasser aliyejua mahali, masanduku kumi yakatolewa, karatasi nyingi zikiwa zimelowa maji. Madebe ya maziwa yalipatikana tarehe 1 Desemba 1950. Jumla ni kurasa zipatazo 35,000. Mwaka 1999 UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia.

Kabla ya hapo, Novemba 1945, alikwenda Treblinka na tume ya uchunguzi. Wanazi walikuwa wameibomoa kambi na kuilima ardhi. Alikuta watu wa vijiji vya karibu wakiichimba kwa sepetu, wakitafuta dhahabu kati ya mifupa. Aliandika yote katika kitabu kilichotoka 1947, bila kuyafunika.

Mwaka 1950 alihamia Israeli, na mwaka 1954 akaanzisha mjini Tel Aviv idara ya shuhuda ya Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi. Hapa kuna sehemu ya maisha yake inayoniudhi. Taasisi ilikuwa mikononi mwa maprofesa, chini ya uongozi wa mwanahistoria Ben-Zion Dinur aliyekuwa waziri wa elimu. Walionusurika waliokuwa wakifanya kazi humo walihesabiwa kuwa wakusanyaji, na wanahistoria wa vyuo vikuu ndio walioonekana wanafaa kufasiri. Ugomvi ulilipuka mwaka 1958, idara ya Auerbach ikawa hatarini kufungwa, na mwaka uliofuata Dinur akajiuzulu. Auerbach alibaki kazini hadi 1968.

Nadhani walimkosea kwa sababu hawakuiona taaluma yake. Waliona mwanamke aliyenusurika, mwenye hasira, anayeandika Kiyidishi katika nchi iliyokuwa ikisukuma Kiebrania. Hawakuona miaka zaidi ya 25 ya uandishi wa magazeti, uhariri na uhakiki. Mtu aliyemwambia Debora Vogel aandike kwa Kiyidishi alikuwa pia mtu wa kujua ni shahidi gani asimamishwe mahakamani.

Na ndivyo ilivyotokea. Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyesimamia kupelekwa kwa Wayahudi kwenye kambi, aliposhtakiwa Jerusalem mwaka 1961, mwendesha mashtaka alitaka kesi isiyo kama ile ya viongozi wa Wanazi huko Nuremberg iliyoendeshwa zaidi kwa nyaraka. Zaidi ya mashahidi 100 walisimama, na mafaili ya idara ya Auerbach ndiyo yaliyosaidia kuwapata. Naye alisimama akaeleza maisha ya utamaduni katika geto. Alitoka hajaridhika. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu shule za siri, maktaba, wanamuziki na washairi, na mahakama ilikuwa na saa yake. Watu walitaka kusikia namna Wayahudi wa Warsaw walivyokufa. Yeye alitaka kwanza ijulikane walikuwa akina nani, walisoma nini, waligombania nini katika ukumbi wa Tłomackie 13.

Aliyasema kwenye kitabu. Mwaka 1974, akiwa mgonjwa, miaka miwili kabla ya kufa, alichapisha Varshever tsavoes, yaani Wasia wa Warsaw. Alikiandika kwa Kiyidishi, wakati wasomaji wengi wa lugha hiyo walikuwa wameshazikwa au hawana kaburi. Tafsiri ya Kiingereza, ya mwanahistoria Samuel Kassow, ilitoka mwaka 2024, nusu karne baadaye. Humo wamo washairi na watu wa foleni ya supu ndani ya majalada mamoja, kwa sababu wengi walikuwa walewale: mtu aliyemhakiki gazetini mwaka 1936 alimpokea na bakuli mwaka 1941.

Chini ya jina la kitabu aliweka miaka inayozungumziwa. Vita vilianza 1939. Auerbach aliandika 1933–1943, akihesabu tangu mwaka aliohamia Warsaw kuandika habari za vitabu.